Jinsi ya Kuandaa Uchambuzi wa Kibiashara Kabla Jeshi Halijanunua Zana: Mwongozo Kamili

Rasimu nyingi za uchambuzi wa kibiashara zinazopelekwa kwenye bodi za zabuni za ulinzi zina kasoro ileile. Zana imeshachaguliwa katika ukurasa wa kwanza, na kurasa zinazofuata zinaitafutia sababu. Mbadala mbili zimewekwa ili zishindwe tu. Bei ya kununulia imeandikwa hadi senti ya mwisho, lakini gharama ya kuitunza zana hiyo kwa miaka ishirini haimo. Wakaguzi wanairudisha rasimu hiyo au, mbaya zaidi, inapita.

Mwongozo huu ni kwa afisa wa vifaa, mchumi wa wizara au mwanafunzi wa chuo cha ukamanda na unadhimu aliyekabidhiwa kazi hii. Msingi wake ni utaratibu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambayo imeandika mengi hadharani kuhusu kazi hii, ukiwemo mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu matunzo ya zana. Nimeongeza mambo ambayo nchi inayonunua kwa dola huku bajeti yake ikiwa ya shilingi haiwezi kuyapuuza.

Neno "kibiashara" lisikupotoshe: jeshi halitafuti faida. Waraka huu unalinganisha njia zote za kutimiza hitaji moja, kwa gharama za maisha yote ya zana, kwa manufaa na kwa hatari, kisha unapendekeza moja. Lazima uwe na uwezo wa kusema "tusinunue". Usipokuwa nao, kazi yote iliyomo ni bure.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hati ya hitaji iliyosainiwa na mkuu wa kikosi kitakachotumia zana, si ya idara ya manunuzi.
- Kumbukumbu za karakana za miaka mitatu hadi mitano: zana ziliharibika mara ngapi, zilikaa siku ngapi zikisubiri vipuri, nani alizitengeneza.
- Daftari za stoo ya vipuri na bei halisi zilizolipwa, pamoja na ushuru na usafirishaji.
- Bei za soko kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja. Kipeperushi cha muuzaji si ushahidi.
- Kiwango cha riba ya hati fungani za serikali na makadirio ya mfumuko wa bei kutoka benki kuu.
- Sheria ya manunuzi inayotumika. Kwa Tanzania ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Kwa Kenya ni ile ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015.
- Timu yenye mtumiaji, fundi, mhasibu na mwanasheria. Fundi ndiye anayesahaulika mara nyingi, naye ndiye anayejua ukweli.

Kumbukumbu za karakana zikikosekana, simama hapo. Tumia wiki chache kuzikusanya hata kwa kuhoji mafundi mmoja mmoja. Uchambuzi uliojengwa juu ya takwimu za kukisia ni sawa na kupiga ramli.

## Hatua ya 1: Andika hitaji bila kutaja zana

Sentensi ya hitaji iseme kazi inayotakiwa kufanyika, wapi, mara ngapi na kwa kiwango gani. "Tunahitaji malori mapya 60" si hitaji. "Brigedi iweze kuwa na malori 40 yanayotembea kila asubuhi, kila moja likibeba tani 5 kwenye barabara ya vumbi, kwa miaka 10" ni hitaji, kwa sababu linaacha mlango wazi kwa njia zaidi ya moja.

Tanzania ina somo lake hapa. Rada iliyonunuliwa kutoka BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa takriban pauni milioni 28, ilielezwa kuwa itahudumia jeshi na pia usafiri wa anga wa kiraia. Wataalamu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, walipoipitia walisema ni mfumo wa kijeshi hasa, wenye msaada mdogo kwa kuongoza ndege za kiraia, na kwamba vifaa vingine vingehitajika kununuliwa juu yake. Kisa hicho kilifika hadi mahakama ya London, na pauni milioni 29.5 zikarudi nchini. Wananchi waliziita "chenji ya rada". Rushwa na uhasibu ndivyo vilivyojadiliwa zaidi, lakini kwa mchambuzi kuna kosa la awali kabisa: mahitaji mawili yaliwekwa kwenye kapu moja bila kila moja kupimwa peke yake.

Kwa hiyo kama zana itatumikia wawili, andika hitaji la kila mmoja kwenye karatasi yake.

Utajua umefaulu pale mtu asiyejua chapa yoyote akisoma sentensi yako anaweza kupendekeza njia tatu tofauti za kuitimiza.

## Hatua ya 2: Weka mipaka na dhana

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Andika muda wa uchambuzi (kwa malori, miaka 10, kwa meli au ndege, 25 au zaidi), tarehe ya bei zote, kiwango cha kubadilisha fedha, na vitu vilivyoachwa nje pamoja na sababu zake. Kila dhana iwe na chanzo na jina la idara iliyoitoa.

Fedha zilizokwisha kutumika hazihesabiwi. Kama mlishajenga hanga kwa ajili ya ndege fulani, gharama ya hanga hiyo haiwezi kuwa sababu ya kununua ndege hiyo. Hoja ya "tumeshaanza" imepitisha manunuzi mengi mabaya.

## Hatua ya 3: Orodhesha mbadala za kweli

Anza na hali ilivyo sasa, ukiendelea na ulichonacho. Hiyo ndiyo nguzo ya kupimia nyingine zote. Kisha ongeza: kukarabati, kununua kipya, kununua kilichotumika, kukodi, kutoa kazi kwa mkandarasi, na kushirikiana na kikosi au taasisi nyingine. Baadaye utaondoa zisizowezekana, lakini kila unapoondoa moja andika sababu.

Kisa cha ndege za kujazia mafuta angani za Marekani kinastahili kusomwa na kila anayefanya kazi hii. Baada ya Septemba 2001, Jeshi la Anga la Marekani lilitaka kukodi hadi ndege 100 za Boeing 767 zilizogeuzwa kuwa za kubeba mafuta, zichukue nafasi ya KC-135 kuukuu. Bunge liliruhusu jambo hilo katika sheria ya matumizi ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2002. Uchambuzi rasmi wa mbadala haukutangulia. Hoja iliyobeba mpango mzima ilikuwa kwamba KC-135 zinaliwa na kutu, kwa hiyo hakuna muda.

Mwaka 2003 Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilipiga hesabu ikaona kukodi kungegharimu zaidi ya kununua. Mei 2004 Bodi ya Sayansi ya Ulinzi ikasema kutu ile inadhibitika. Mwaka huohuo Darleen Druyun, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa manunuzi wa jeshi hilo, alihukumiwa kifungo baada ya kukiri kwamba alizungumzia ajira yake na Boeing huku akisimamia majadiliano na kampuni hiyo. Mpango wa kukodi ukafa.

Uchambuzi wa mbadala uliokuwa umerukwa ukafanywa na taasisi ya RAND, ukatoka 2006. Mkataba wa KC-46, ndege mpya ya kujazia mafuta, ulitolewa Februari 2011, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Januari 2019. Wale walioruka hatua hii ili kuokoa muda walipoteza miaka, na KC-135 zilizosemwa hazingoji zikaendelea kuruka.

Tahadhari: ukiona mbadala zako zote isipokuwa moja zina kasoro kubwa tangu mwanzo, umechagua kwanza na unachambua baadaye. Mpe mtu anayeipinga zana unayoipenda atengeneze mbadala yake kwa nguvu zake zote.

## Hatua ya 4: Kusanya gharama za maisha yote

Hapa ndipo wengi huanguka. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, GAO, imekuwa ikieleza kwamba kuendesha na kutunza silaha huchukua takriban asilimia 70 ya gharama zote za maisha yake. Bei ya kununulia ni sehemu ndogo ya deni unalojitwisha.

Afrika Kusini ilinunua ndege 26 za kivita aina ya Gripen kupitia mkataba mkubwa wa silaha wa 1999. Mwaka 2013 waziri wa ulinzi alithibitisha kwamba 12 kati yake zimewekwa kwenye hifadhi ya muda mrefu, kwa kuwa bajeti ya kuzirusha haikutosha. Ndege zenyewe hazikuwa mbovu.

Panga gharama kwa makundi haya, mwaka kwa mwaka:

1. Kupata: bei, usafirishaji, ushuru, ukaguzi, majaribio.
2. Kuanzisha: mafunzo, zana za karakana, vipuri vya kuanzia, majengo, barabara au gati.
3. Kuendesha: mafuta, risasi za mazoezi, posho, bima ikiwepo.
4. Kutunza: vipuri, matairi, ukarabati mkubwa wa katikati ya maisha, masasisho ya programu za kompyuta.
5. Kuondoa: kuharibu, kuuza, kusafisha mazingira. Thamani ya kuuzia mwishoni inapunguza gharama, lakini usiikadirie kwa matumaini.

Kundi la nne lina mtego unaoumiza kimyakimya: haki ya kutumia michoro na taarifa za kiufundi. Jeshi lisipozinunua mwanzoni, mafundi wake hawaruhusiwi au hawawezi kutengeneza, na mtengenezaji anabaki mlango pekee wa vipuri. GAO imelalamika mara kwa mara kuhusu jambo hili katika ndege ya kivita ya F-35. Kama nchi tajiri kuliko zote imekwama hapo, nchi yenye karakana moja ya ndege itafute bei ya taarifa hizo kabla ya kusaini, wakati muuzaji bado ana hamu ya kuuza.

Pia tenganisha gharama za dola na za shilingi katika safu mbili. Utazihitaji kwenye hatua ya 7.

Utajua umefaulu pale fundi mkuu wa karakana anapoipitia safu ya matunzo na kuisaini bila kusita.

## Hatua ya 5: Leta gharama zote kwenye thamani ya sasa

Shilingi ya leo na shilingi ya mwaka wa kumi hazilingani. Njia moja hudai fedha nyingi mwanzoni, nyingine hudai kidogokidogo. Ili uzilinganishe kwa haki, punguza gharama za miaka ijayo kwa kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayopunguza thamani ya fedha ya baadaye kwa kila mwaka unaopita. Fomula ni hii: gharama ya mwaka husika igawanywe kwa (1 + kiwango) iliyozidishwa yenyewe kwa idadi ya miaka.

Kanuni moja haina msamaha. Kama gharama zako zina mfumuko wa bei ndani yake, tumia kiwango chenye mfumuko. Kama ziko kwa bei za leo, tumia kiwango kilichoondolewa mfumuko. Ukichanganya, jibu litakuwa na sura ya kitaalamu huku likiwa la uongo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa malori yetu. Hitaji ni malori 40 kila asubuhi kwa miaka 10. Kiwango ni asilimia 8. Kwa ajili ya urahisi nimeacha mafuta na mishahara ya madereva. Kwenye kazi halisi usiyaache, maana lori kuukuu hunywa zaidi.

Kwanza utayari. Malori 60 ya sasa yanatembea kwa asilimia 50, yaani 30 tu kila asubuhi, kwa hiyo hali ilivyo haitimizi hitaji. Yakikarabatiwa yafike asilimia 70, ni 42. Malori mapya yana utayari wa asilimia 90, hivyo unahitaji 45 wala si 60. Hapo pekee umeokoa malori 15, na ndiyo sababu kumbukumbu za karakana zilikuwa kwenye orodha.

- Kukarabati 60: shilingi bilioni 3.6 mwanzoni, kisha bilioni 1.8 kila mwaka. Thamani ya sasa: bilioni 15.68.
- Kununua 45: bilioni 9 kwa malori na bilioni 1 kwa mafunzo, zana na vipuri vya kuanzia, kisha bilioni 0.81 kila mwaka. Mwishoni yanauzwa kwa bilioni 1.35. Thamani ya sasa: bilioni 14.81.
- Kukodi 40 yanayohakikishwa kila asubuhi: bilioni 2.2 kila mwaka, pamoja na bilioni 0.1 ya kusimamia mkataba. Thamani ya sasa: bilioni 15.43.

Kununua kunaongoza. Usisherehekee bado.

## Hatua ya 6: Pima yasiyo na bei

Lori la kukodi lenye masharti ya bima ya kiraia haliwezi kupelekwa penye risasi. Vipuri vya nchi moja vinaweza kufungiwa kwa vikwazo siku mnayovihitaji. Karakana inayopoteza kazi kwa mkandarasi inapoteza mafundi, na fundi wa injini za kijeshi hapatikani kwa tangazo la mwezi mmoja.

Chagua vigezo vitano au sita: utayari, uwezo wa kupelekwa vitani, usalama wa vipuri, ujuzi unaobaki jeshini, muda wa kufika kazini. Kipe kila kimoja uzito, uzito wote ufike 100, na karatasi hiyo isainiwe kabla mtu yeyote hajatoa alama. Uzito unaopangwa baada ya alama kuonekana hufuata matakwa ya mwenye cheo kikubwa chumbani.

Usigeuze kila kitu kuwa fedha. Uhai wa askari kwenye barabara yenye mabomu ya kutegwa usiwekewe bei ya kubuni ili tu jedwali likamilike. Uandike kwa maneno, kwa uwazi, mahali ambapo kamanda ataona.

## Hatua ya 7: Tikisa majibu yako

Badilisha dhana moja baada ya nyingine uone kama mshindi anabaki mshindi. Turudi kwenye malori.

Kiwango cha punguzo kikipanda kutoka asilimia 8 hadi 12, kukodi kunakuwa bilioni 13.0, kukarabati 13.77, na kununua 14.14. Aliyekuwa wa kwanza amekuwa wa mwisho. Kiwango kikibaki 8, lakini gharama ya kila mwaka ya malori mapya ikaongezeka kwa robo kwa sababu shilingi imeshuka na vipuri ni vya dola, kununua kunafika bilioni 16.17, ghali kuliko njia nyingine zote mbili.

Maana yake ni kwamba kifedha njia hizi tatu zinakaribiana mno, na mwenye kusema "kununua ni nafuu" bila kuonyesha hili anamdanganya mkuu wake hata kama kila namba aliyoandika ni sahihi. Uamuzi utabebwa na hatua ya 6 na hali ya mkoba wa serikali.

Dhana ambazo lazima zitikiswe: kiwango cha punguzo, kiwango cha fedha za kigeni, gharama za matunzo, utayari ulioahidiwa, ucheleweshaji wa kufika, na idadi. Kwa kila moja tafuta pia namba ya kugeuza, yaani pale hasa mshindi anapobadilika. Makamanda huielewa namba hiyo haraka kuliko jedwali zima.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu kwa sentensi moja: "Pendekezo letu linabaki sahihi mradi dola isipande zaidi ya hapa."

## Hatua ya 8: Mpe mtu asiye na hisa aukague

Sheria ya Marekani ya 2009 ya kurekebisha manunuzi ya silaha ilianzisha ofisi ya CAPE, yenye kazi ya kutoa makadirio huru ya gharama, kwa kuwa makadirio ya wenye mradi yalikuwa yakielekea chini kila mara. Huhitaji ofisi kubwa. Mkaguzi wa ndani wa wizara nyingine, mchumi wa hazina au mhandisi wa chuo kikuu mwenye kibali cha usalama atatosha, ilimradi hana ahadi kwa muuzaji na hataitumia zana.

Mpe faili zote pamoja na lahajedwali lenye fomula, si picha ya majibu. Kila mjumbe wa timu naye atie saini tamko la maslahi, likigusa pia mazungumzo ya ajira. Kisa cha Druyun kinaeleza kwa nini.

Usiri utatajwa kama sababu ya kuruka hatua hii. Siri inaweza kuwa ya idadi ya zana au mahali zitakapokaa. Hesabu ya gharama inaweza kukaguliwa na watu wachache wenye kibali bila siri yoyote kutoka.

## Hatua ya 9: Andika pendekezo na uweke tarehe ya kulirudia

Ukurasa wa kwanza uwe na hitaji, mbadala zilizopimwa, thamani ya sasa ya kila moja, namba za kugeuza, hatari tatu kubwa na pendekezo. Mengine yote ni viambatisho. Wajumbe wa bodi wasome huo ukurasa mmoja waweze kuuliza maswali magumu.

Kama namba zinakaribiana, sema zinakaribiana. Kama jibu ni kuendelea na za zamani, sema hivyo na uonyeshe bajeti ya vipuri itakayohitajika, kwa sababu pendekezo la kutonunua lisilo na fedha za matunzo litarudi mwaka ujao likiwa dharura.

Mwisho, andika ni lini uchambuzi utafanywa upya. Marekani hupitia matunzo ya mifumo yake mikubwa kila miaka mitano. Kwa zana zenye vipuri vya dola ningefupisha muda huo uwe miaka miwili, au wakati wowote fedha za kigeni zinapovuka namba ya kugeuza. Taja cheo kitakachohusika, si jina la mtu, kwa kuwa maafisa huhamishwa. Lahajedwali, kumbukumbu za karakana na karatasi ya uzito vikabidhiwe pamoja kwenye faili moja, kwa saini, kila afisa anapohama.